Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Malipo ya Mnada wa Hisani

Mkataba ambao kampuni ya malipo itawaletea umeandikwa kwa ajili ya duka, linalofunguliwa kila asubuhi na kuingiza elfu kumi leo, elfu kumi na mbili kesho. Mnada wa hisani hauendi hivyo. Namba yenu ya malipo hulala karibu mwaka mzima, kisha usiku mmoja, dalali akiwa bado jukwaani, inapokea milioni tatu. Kila kipengele kisomeni mkiufikiria usiku huo.

Anzeni na kipengele kinachoipa kampuni ruhusa ya kuzuia fedha. Mara nyingi hakipo ukurasa wa kwanza. Niliwahi kuwa mweka hazina wa mfuko wa karo, tukanadi picha za kuchora, mbuzi wa maziwa na siku mbili za malazi katika hoteli ya pwani. Watu walitoa kuliko tulivyotarajia. Asubuhi fedha zote zilionekana kwenye mfumo, lakini hazikutoka. Kampuni ilisema kiasi kilizidi makadirio tuliyojaza kwenye fomu, kwa hiyo lazima wachunguze. Wakachunguza wiki sita. Muhula ulikuwa umeshaanza, na kuna watoto waliorudishwa nyumbani ilhali karo yao ilikuwa imekwisha kuchangwa. Bado linaniuma.

Kwa hiyo, fomu ikiuliza mnatarajia kupokea kiasi gani, msiandike wastani wa mwezi. Andikeni kiasi cha usiku wa mnada, tarehe yake, na bei ya juu kabisa mnayodhani kitu kimoja kinaweza kufika. Ombeni kampuni ikubali kwa maandishi. Ulizeni pia kama itabakiza asilimia fulani kama dhamana, ni asilimia ngapi, na itaiachia baada ya siku ngapi. Jibu la mdomo la afisa wa mauzo halitawasaidia Jumatatu asubuhi.

Kwa Kenya, M-Pesa ina mipaka yake: tangu 2023 muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku mtu hawezi kupitisha 500,000. Mchoro ukinunuliwa kwa 400,000, mnunuzi atalipa mara mbili. Ukifika 600,000, lazima pawe na njia nyingine, kadi au benki. Kati ya namba mbili za M-Pesa za kupokelea malipo, mimi huchagua Paybill kuliko Till, kwa sababu Paybill ina nafasi ya namba ya akaunti, na hapo mnunuzi anaandika namba ya kitu alichoshinda. Bila hiyo mtakesha mkilinganisha majina na risiti. Amueni pia nani anabeba ada: mlipaji, shirika, au mgawane. Aliyekwisha kuwapa 80,000 kwa moyo mweupe asiongezewe makato mlangoni; ada hiyo ibebwe na shirika.

Hesabu ya makato ifanyeni kwa shilingi, asilimia huficha mengi. Tuseme kadi inakatwa asilimia 3: kwenye milioni tatu ni 90,000. Tuseme mashine ya kadi inakodishwa 2,000 kwa mwezi: ni 24,000 kwa mwaka, kwa kazi ya saa tatu. Ombeni kukodi kwa wiki moja, au mwombe kifutwe kipengele cha ada ya chini inayodaiwa kila mwezi hata msipopokea kitu. Mkitumia programu ya kunadi kwa simu, angalieni kama inawalazimisha kutumia kampuni yake ya malipo na kuongeza ada yake juu ya ile ya kadi.

Halafu kuna kupingwa kwa malipo. Kwa kadi za Visa na Mastercard, mara nyingi mwenye kadi huwa na hadi siku 120 kuiambia benki yake kwamba malipo hayo hayatambui. Wakati huo mbuzi ameshakwenda na karo imeshalipwa. Kila mshindi atie saini karatasi yenye jina la kitu na bei, na muihifadhi. Ulizeni pia jina litakalotokea kwenye taarifa yake ya benki. Likiwa la kampuni asiyoijua, atapinga kwa nia njema kabisa.

Akaunti inayopokea iwe kwa jina la shirika lililosajiliwa, hata kama mwenyekiti ni mwaminifu kiasi gani na namba yake ndiyo iliyo tayari. Majina na simu za wachangiaji ni mali ya kulindwa chini ya sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019. Kampuni isipewe ruhusa ya kuwatumia matangazo. Tazameni pia mkataba unajirudia lini wenyewe, na notisi ya kuuvunja ni siku ngapi.

Wiki mbili kabla, lipeni kiasi kidogo kwa kila njia, mrudishieni mmoja wenu fedha zake, na mhesabu siku hadi zilizobaki zifike benki. Kisha someni saa za huduma kwa wateja. Minada mingi hufanyika Ijumaa au Jumamosi usiku. Kama mkataba unasema siku za kazi hadi saa kumi na moja jioni, dai namba ya mtu atakayepokea simu saa tatu usiku wa Jumamosi, na iandikwe ndani ya mkataba kabla hamjatia saini.