Kuseti upya taa ya upepo wa tairi: upepo kwanza, kitufe baadaye

Mwongozo huu ni wa ile taa ya njano yenye mchoro wa tairi lililo wazi juu na alama ya mshangao katikati.

1. Soma taa

Ikiwaka moja kwa moja, kuna tairi lenye upepo mdogo. Ikiwaka na kuzima kwa dakika moja hivi kisha ikabaki imewaka, hitilafu iko kwenye mfumo wenyewe, hivyo nenda hatua ya 4.

2. Jaza upepo tairi likiwa baridi

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Kiwango sahihi kipo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, usiifuate. Stika ya gari la Japani ikiandika upepo kwa kPa, gawa kwa 6.9 upate psi, kipimo cha geji nyingi: 220 ni 32, 230 ni 33.

Tairi baridi ni lile lililosimama kwa muda wa saa tatu au zaidi. Ukiingia Tabora mchana kutoka Nzega, tairi zimechemka na upepo umepanda psi 4 hadi 6. Fundi akikupunguzia hadi 33 pale pale, kesho asubuhi utaamka na 28. Mifumo mingi huwasha taa upepo ukipungua kwa robo hivi, yaani kwenye 25, kwa hiyo umebakiwa na psi 3 tu.

Kibaya zaidi ni kukimbilia kitufe. Kwenye magari mengi yenye kitufe, ukikibonyeza unaliambia gari kwamba upepo uliopo sasa ndio sahihi. Ukiseti kwenye 26, litanyamaza mpaka ushuke karibu na 20. Kwa upepo huo ubavu wa tairi unajikunja kila mzunguko, unachemka, na tairi linaweza kupasuka ukiwa mwendoni na abiria. Tafadhali usiseti kabla ya kupima.

Geji ya kompresa ya kijiweni siiamini. Itazame kabla haijachomekwa: mshale usipolala kwenye sifuri, kila namba itakayofuata ni ya uongo. Nunua yako, ya mshale yenye mpira mfupi. Ile ya umbo la kalamu ikiingia vumbi la njia ya Kasulu hukwama. Kofia za valvu ziwe za plastiki, kwa sababu za chuma hushika kutu, na ukilazimisha kuzifungua unavunja valvu pamoja na sensa (kifaa cha kupima upepo kilichoungwa nayo). Pima na spea pia, baadhi ya magari yana sensa humo.

3. Seti

Toyota yenye kitufe cha SET (chini ya usukani au ndani ya kabati la dashibodi): weka swichi ON bila kuwasha injini, shikilia kitufe hadi taa iwake na kuzima polepole mara tatu, kisha subiri dakika chache kabla ya kuzima swichi.

Mazda: shikilia hadi iwake mara mbili na mlio mmoja usikike.

Nissan nyingi hazina kitufe. Jaza upepo, endesha zaidi ya kilomita 25 kwa saa kwa dakika kadhaa.

Honda zinazohesabu mizunguko ya magurudumu kupitia ABS (mfumo wa kuzuia breki kushikana): shikilia hadi iwake mara mbili, halafu zinahitaji jumla ya dakika 30 hivi za mwendo wa kilomita 48 hadi 105 kwa saa. Mjini kikomo ni 50, kwa hiyo kuzunguka Mwanga na Ujiji, pale Kigoma, hakutoshi. Shika barabara kuu.

4. Taa ikigoma

Sensa ina betri iliyozibiwa ndani, inadumu miaka 5 hadi 10, na ikiisha unabadilisha sensa nzima. Kabla ya kununua, hakikisha masafa: za Japani kwa kawaida ni 315 MHz, za Ulaya 433. Kwenye Toyota nyingi, namba ya sensa mpya lazima iandikishwe kwa mashine ya kupimia gari, kwa hiyo kubadilisha bila fundi mwenye mashine ni kupoteza hela.

Sensa nyingi zinauawa na pancha. Inakaa ndani ya rimu, kwenye shina la valvu. Mwambie fundi kabla hajashika chuma: tairi libanduliwe mbali na valvu, na ncha ya chuma isipite hapo. Kataa gundi ya kumimina, inaziba tundu la sensa. Dai kiraka cha ndani.