SOMO: “Run” si kukimbia tu (someni kabla hamjaniuliza tena)

Inboksi yangu imejaa swali lile lile. “Maalim, mgeni kasema wame-run out of towels, sasa nani kakimbia na taulo?” Hajakimbia mtu. Taulo zimekwisha. Naandika hapa mara moja kwa ajili ya sote tunaotembeza wageni hapa Zanzibar, na atakayeuliza tena nitamtumia linki ya somo hili bila salamu.

Hatua ya 1. Shikeni maumbo: run, ran, run. “Runned” haipo.

Hatua ya 2. Acheni kusaka maana moja. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alipolipitia upya neno hili alikaa nalo kiasi cha miezi 9, akatoka na maana 645 za kitenzi peke yake. Msitishike. Nyinyi mnaishi na “piga” tangu utotoni: mnapiga simu, pasi, mbizi, mswaki na kura, na hajaumia mtu. “Kata” nayo vivyo hivyo: tiketi, kiu, tamaa, rufaa. Mzungu anayejifunza Kiswahili analizwa na hayo kama mnavyolizwa nyinyi.

Hatua ya 3. Tizama ni kitu gani kina-“run”. Mwenye miguu anakimbia, hilo mnalijua. Mashine inafanya kazi: “leave the engine running” ni usizime injini. Maji, pua na rangi vinatiririka, kwa hiyo mteja wa kanga pale Darajani akiuliza “will the colours run?” anataka kujua kama rangi itachuja. Usimjibu “no, it's cotton”. Boti yenye ratiba: “the ferry runs every day”, yaani safari ipo kila siku. Barabara: “the road runs along the coast”, imepita kandokando ya pwani. Biashara: “she runs a guesthouse”, ndiye anayeiendesha, na si lazima nyumba iwe yake. Hapo kuweni waangalifu, maana mgeni akitaka kulalamika atamtafuta huyo anayeiendesha, siyo mwenye mali aliyeko Muscat.

Hatua ya 4. Neno dogo linalofuata. Hapa ndipo pa kusoma polepole.

Kiswahili kinasema “mafuta yametuishia”, mafuta ndiyo yanayotenda. Kiingereza kina milango miwili: “we've run out of fuel”, au “the fuel has run out”. Chagua mmoja upite. Ukianza na “we”, tia “of” na kitu chenyewe, ila kama kitu hicho kimeshatajwa. Ukianza na “the fuel”, ishia kwenye “out” unyamaze. Mimi nilikuwa njiani kwenda Nungwi, mshale wa mafuta umelala, nikawageukia wageni nikatangaza “we are running out!” Bila “of”, bila kitu. Mama mmoja akashika kitasa cha mlango tayari kuruka.

“Into” ina mtego wake. “I ran into your uncle at Forodhani”: kwa miguu ni kukutana naye kwa bahati, kwa gari ni kesi ya polisi. “Over” ndiyo mbaya zaidi. “Let's run over the plan” ni tupitie mpango kwa haraka, na “the tour ran over” ni ziara imezidi muda. Lakini msije mkasema “I will run over the guests”. Huko ni kuwakanyaga.

Hatua ya 5. “I've got the runs” maana yake tumbo linamwendesha. Muoneshe choo kwanza, duka la dawa baadaye.

*MASWALI*

Papasi Mstaafu: Maalim sijasoma yote, ni refu. Kwa ufupi run ni nini?

Jibu: Hatua ya 3.

Mtoto wa Kwerekwe: Unapotosha watu. Skuli tulifundishwa kuendesha ni “drive”.

Jibu: Kuendesha gari, ndiyo. Hoteli haina usukani. Na hata kwenye gari bado “run” inakufuata: mgeni akisema “can you run me to the airport?” anaomba umpeleke uwanja wa ndege mara moja, hataki mbio. Aliyekufundisha hakukosea, wewe ndiye uliyeishia somo la kwanza.

Nahodha wa Mkokotoni: Assalaam alaykum. Mgeni kanambia “we've run aground”, nikamwambia hapana bwana, tumepwelewa tu. Jee, ni kitu kimoja?

Jibu: Waalaykum salaam nahodha. Swali zuri kuliko yote leo. Si kitu kimoja, na wewe ndiye uliyekuwa sahihi. “Run aground” ni chombo kilichokuwa kinakwenda kikapanda fungu au mwamba, na nahodha ana la kujibu. Kupwelewa umetia nanga salama, maji yakatoka yakakuacha mchangani. Sema “the tide has gone out and left us high and dry”. Huo ni usemi wa mabaharia wao wenyewe. Na ukiwa na wapiga mbizi, mkondo mkali ni “the current is running strong”, wataelewa mara moja.

Nahodha wa Mkokotoni: Ahsante. Na bamvua?

Jibu: “Spring tide”. Usidhani ni ya majira ya “spring” ya kwao. Ni “spring” ya kuruka, maji yanapanda sana, na hutokea mwezi mpevu na mwezi mwandamo kila mwezi. Maji mafu, yasiyopanda sana, ni “neap tide”.

Bi Jikoni: Mgeni chumba cha juu kasema “I'm running a temperature”. Nilidhani anataka kiyoyozi.

Jibu: Ana homa, bibie. Muulizeni kama anahitaji daktari. Kiyoyozi kipunguzeni.

Muuza Kanga: Hiyo ya rangi imenigusa. Wateja wanauliza kila siku. Nyumbani tunaloweka kwa maji ya chumvi.

Bi Jikoni: Sisi siki.

Jibu: Kwetu pia chumvi, ila mimi siwaahidi wageni kuwa itazuia. Mwambieni mteja “the colours may run the first time, wash it alone in cold water”. Akiitia pamoja na shati jeupe, mmeshamwambia.