Kabla ya kushuka Usangu kuvuna: mguu ulioumwa na nyoka unaokolewa mapema

Wanaojiandaa kushuka Usangu au Pawaga kuvuna mpunga hukumbuka mundu, turubai na unga. Nyoka hukumbukwa mtu akishapiga ukelele. Wanaonitia hofu zaidi ni wawili: kifutu, anayejilaza njiani na asikimbie hata ukimkaribia, na swila anayetema mate. Sumu zao hula nyama. Hata mtu akipona, anaweza kubaki na kidonda cha miezi, au mguu usiwe na kazi tena.

Dawa ya sumu ya nyoka inayotundikwa kwa dripu hospitalini huokoa maisha, tena iwahiwe. Ila chembe zake za kinga ni kubwa. Huenea vizuri kwenye damu lakini hupenya taratibu kwenye nyama iliyoumwa, na nyama iliyokwisha kufa hairudi. Hapo ndipo watafiti wanapohangaika sasa. Varespladibu, ambayo humezwa, huzuia kimeng'enya cha sumu kinachotoboa utando wa seli. Imeshajaribiwa kwa walioumwa huko India na Marekani. Unithioli, dawa ya zamani ya sumu ya metali, hunyang'anya vimeng'enya vya kifutu madini ya zinki ambayo bila hayo haviwezi kubomoa mishipa ya damu. Kilifi, Kenya, ilijaribiwa kwa watu wenye afya kutafuta kipimo salama. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba heparini ilipunguza kuoza kwa nyama kwa panya waliotiwa sumu ya swila. Nakusihi, habari hiyo isikupeleke duka la dawa. Heparini huzuia damu kuganda, na sumu ya kifutu yenyewe huweza kumvujisha mtu damu.

Dawa hizo usizitegemee kuzikuta zahanati ya kijijini. Cha kuandaa ni muda.

Piga simu kabla hujasafiri. Ukiambiwa hospitali ipo, usiridhike. Uliza kama dawa ya nyoka ipo leo, na kama kuna adrenalini, maana mwili wa mgonjwa unaweza kuikataa dawa ghafla. Kama haipo, uliza ya karibu iko wapi. Hifadhi namba za bodaboda wawili wanaokubali safari za usiku, uweke na nauli kwenye simu. Mgonjwa atakaa katikati, ndugu nyuma amshike.

Gambuti na tochi, hilo unalijua. Kambini usilale chini bila chandarua kilichochomekewa vizuri, kwani swila huuma watu wakiwa usingizini.

La muhimu kuliko yote ni kukaa na wenzako kambini mkubaliane mapema, kabla ya hofu. Mkubaliane kwamba hakuna atakayefunga mguu kwa mpira wa baiskeli. Kwa sumu inayokula nyama, kufunga ni kuifungia palepale inapofanyia kazi, na zaidi ya hapo ni kuinyima nyama hiyo damu. Hakuna chale, hakuna kunyonya, hakuna kusubiri jiwe jeusi. Pete, bangili na viatu vivuliwe mara moja kabla ya uvimbe, mguu utulizwe usitembelewe. Kwa maumivu ni panadoli. Aspirini na diklofenaki ziachwe. Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji mengi papo hapo. Nyoka mwenyewe aachwe aende zake.

Tia na kalamu mfukoni. Andika saa aliyoumwa, kisha chora mstari kwenye ngozi pale uvimbe ulipofikia, na saa yake, uongeze mwingine kila uvimbe unapopanda. Daktari atakayempokea ataona kwa macho sumu inavyokwenda kasi.