Shanti ya miliomu 10 kwa ukanda wa manganini: mahali pa kugusa nyaya za volteji

Mwezi uliopita fundi mwenzangu aliniletea chaja ya betri aliyoiunda mwenyewe. Ampea zilisomeka sawa ikiwashwa, baada ya robo saa zikaanza kupanda, na ukizigusa bolti za shanti kwa spana namba inaruka. Alikuwa ameshabadilisha amplifaya mara mbili na kuandika upya sehemu ya programu. Vyote viwili vilikuwa vizima. Kasoro ilikuwa kwenye shanti yenyewe, yaani ile rezista ndogo inayokaa katika njia ya mkondo, ambayo mita huisoma volteji yake ili kujua ampea. Tuliitengeneza upya pamoja, na huu ndio utaratibu tulioufuata. Palipotuchelewesha nimeeleza kwa urefu.

Hatua ya 1: Panga namba zako

Sisi tulitaka kupima hadi A 10, na kwa mkondo huo tupate mV 100. Gawanya volteji kwa mkondo: ukinzani ni miliomu (mΩ) 10. Joto litakalozalishwa ni mkondo mara volteji, yaani wati 1. Kama tayari una mita ya shanti, angalia kwanza imeandikwa nini, kwa sababu nyingi huwa za mV 50, 60, 75 au 100, na namba hiyo ndiyo itakayoamua ukinzani wako.

Hatua ya 2: Chagua metali

Tumia manganini. Ni aloi ya shaba kwa takriban asilimia 84 hadi 86, manganizi asilimia 12 hivi, na nikeli kidogo. Edward Weston aliiunda mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo sijaona sababu ya kuiacha kwa kazi hii. Joto likibadilika kwa nyuzi 1 karibu na joto la chumba, ukinzani wake hubadilika kwa sehemu zipatazo 20 tu kwa milioni, au chini ya hapo. Shaba tupu hubadilika kwa sehemu 3,900. Maana yake ni kwamba shanti ya shaba ikipanda nyuzi 40, inakudanganya kwa karibu asilimia 16.

Watu huniuliza kuhusu konstantani, kwa kuwa nayo ukinzani wake hautikisiki kwa joto na hupatikana kwa urahisi zaidi. Kwa mkondo geu (AC) itumie bila wasiwasi. Kwa mkondo mnyoofu (DC) siikubali. Konstantani ikiunganishwa na shaba huzaa volteji yake yenyewe, takriban maikrovolti 40 kwa kila nyuzi 1 ya tofauti ya joto kati ya maungio mawili. Ncha moja ya shanti ikiwa karibu na transista ya moto, tofauti ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida, na hapo umeshapata µV 400 za uongo. Mkondo ukiwa A 1, ambapo shanti yetu hutoa mV 10, hilo ni kosa la asilimia 4. Manganini na shaba huzaa kama µV 1 kwa nyuzi, nayo haisumbui.

Nikromu iache kwenye majiko. Haishiki risasi ya kawaida ya kulehemu, na kiungo kinachoonekana kimeshika siku ya kwanza kitaachia baadaye.

Hatua ya 3: Hesabu ya urefu

Ukinzani mahususi wa manganini huwa kati ya 0.43 na 0.48 Ω kwa ukanda wa urefu wa mita 1 na eneo la mkato la mm² 1. Ukanda wetu ulikuwa na upana wa mm 10 na unene wa mm 0.5, yaani mm² 5. Tukichukua 0.44:

urefu = 0.010 × 5 ÷ 0.44 = m 0.1136, karibu mm 114.

Usiiamini 0.44 yangu. Pitisha A 5 kwenye ukanda wako, kisha pima volteji kati ya alama mbili zilizoachana mm 100. Sisi tulitegemea mV 44. Ukipata namba nyingine, rudia hesabu kwa uwiano huo.

Mm 114 ni umbali kati ya nyaya mbili nyembamba za kusomea volteji. Ukanda wenyewe lazima uwe mrefu zaidi: ongeza mm 10 kila upande, na mm 15 nyingine kila upande za kulala juu ya shaba. Sisi tulikata mm 164.

Kuhusu joto: sehemu iliyo wazi ina uso wa sm² 28 hivi ukihesabu pande zote, na itatoa wati 1.2, kwa sababu vile vipande vya ziada navyo vinapashwa. Katika hewa tulivu tegemea ukanda upande kama nyuzi 40 juu ya hewa inayouzunguka. Manganini inastahimili. Ila kama chaja yako itakaa kwenye A 10 siku nzima ndani ya boksi lisilo na upepo, weka kanda mbili sambamba zenye upana uleule na urefu maradufu, kila moja mΩ 20, ili ukinzani wa jumla ubaki mΩ 10, au tumia ukanda mmoja mpana na mrefu zaidi kwa uwiano uleule. Uso ukiongezeka, joto linapungua.

Hatua ya 4: Kata, sugua kwa msasa laini, futa kwa spiriti

Usiukunje ukanda kwa pembe kali.

Hatua ya 5: Vipande vya shaba vya mwisho

Chukua vipande viwili vya shaba nene, mm 3 au zaidi, vyenye tundu la bolti ya mkondo. Paka fluksi, paka risasi pande zote mbili, bana, pasha moto shaba mpaka risasi itiririke yenyewe chini ya ukanda. Pasi kubwa ya kulehemu ya wati 100 inaifanya kazi hii vizuri kuliko moto wa gesi. Gesi naiogopa kwa sababu moja mahususi: manganini ikipashwa sana hewani, manganizi ya juu huungua kwanza na kuacha ngozi yenye shaba nyingi. Ngozi hiyo ina tabia ya shaba, na ule utulivu uliokufanya uchague manganini unaanza kupotea. Ukanda ukigeuka rangi, kata mwingine.

Hatua ya 6: Nyaya za volteji

Hapa ndipo chaja ya mwenzangu ilipoharibikia, na ndipo na mimi miaka iliyopita nilipopoteza usiku mzima. Soma polepole.

Shanti ina ncha nne. Mbili kubwa huingiza na kutoa mkondo. Mbili nyembamba husoma volteji tu, wala hazibebi mkondo wa maana. Wazo hili ni la zamani. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilitumia katika daraja lake la kupimia ukinzani mdogo mwaka 1861. Mantiki yake ni kwamba chochote kilicho nje ya nyaya mbili nyembamba hakihesabiwi, na chochote kilicho kati yao kinahesabiwa, ukitaka usitake.

Mwenzangu alikuwa amezibana nyaya za volteji chini ya bolti zilezile za mkondo. Kwa hiyo mita yake ilikuwa inasoma bolti, risasi, shaba, halafu manganini, vyote pamoja. Mguso wa bolti hubadilika kwa jinsi ulivyokazwa, na ndiyo maana spana iliirusha namba.

Alipoelewa hilo akasema basi tuzilehemu kwenye vipande vya shaba, mbali na bolti. Ni nafuu, lakini bado ni kosa, na ningependa uone kwa hesabu. Tuseme mm 20 za shaba kila upande zimo kati ya nyaya zako, zenye mkato uleule wa mm² 5. Ukinzani wake ni 0.0172 × 0.04 ÷ 5, kama mΩ 0.14. Ni asilimia 1.4 tu ya rezista yote, na unaweza kusema utairekebisha kwa tupa mwishoni. Utaurekebisha ukinzani wa leo, kwa joto la leo. Ile asilimia 1.4 inabadilika kwa sehemu 3,900 kwa milioni kila nyuzi, na kwa rezista nzima hiyo ni sehemu 54 kwa milioni. Manganini yako ilikuwa na 20. Vipande viwili vifupi vya shaba vimeharibu kazi ya ukanda mzima. Shaba nene hupunguza kosa hili lakini hailiondoi.

Kwa hiyo lehemu nyaya za volteji juu ya manganini yenyewe. Mambo ya kuangalia:

Zisogeze ndani, angalau mm 10 kutoka ukingo wa shaba, yaani umbali sawa na upana wa ukanda (sisi tuliziachanisha mm 111, sababu iko Hatua ya 8). Karibu kabisa na shaba mkondo bado haujatandazika sawasawa katika upana wote, na ukilehemu hapo, kusogea kidogo tu kwa risasi ya mkondo kutabadilisha usomaji.

Gusa ukingo wa ukanda kwa tone dogo, lisilozidi mm 1. Risasi ina ukinzani mahususi kama theluthi moja ya manganini, kwa hiyo tone pana huupitishia mkondo njia ya mkato. Mm 1 katika mm 114 ni karibu asilimia 1.

Nyaya zote mbili zilehemu kwenye ukingo uleule, ziwe za shaba, za aina moja, nyembamba, na zisokotwe pamoja kuanzia katikati ya ukanda hadi kwenye mita.

Baada ya hapo fanya majaribio mawili. La kwanza: pitisha mkondo usiobadilika, kisha legeza na kaza bolti moja kidogo. Usomaji usisogee hata tarakimu ya mwisho. La pili: zima mkondo kabisa, pasha ncha moja kwa pasi kwa sekunde chache, uangalie mita kwenye masafa yake madogo kabisa. Manganini itaonyesha makumi machache ya maikrovolti. Ukiona milivolti, aliyekuuzia ukanda amekupa konstantani. Zinafanana sana kwa macho.

Kwa mwenzangu jaribio la kwanza lilishindikana hata baada ya haya yote. Tulihangaika karibu saa mbili. Tone moja la risasi lilikuwa limetiririka kwenye ukingo wa ukanda likaungana na risasi ya kipande cha shaba, uzi mwembamba ambao hatukuuona mpaka tulipotumia kioo cha kukuza. Tulikwangua kwa kisu, na namba ikatulia. Tangu siku hiyo napaka mstari wa kalamu ya wino mzito kati ya shaba na sehemu ya kulehemu waya, maana risasi haipendi kupita juu ya wino.

Hatua ya 7: Oka

Kukata na kulehemu huacha mkazo ndani ya metali, na mkazo huo ukilegea polepole, ukinzani husogea kwa miezi. Weka shanti kwenye oveni kwa nyuzi 140 kwa saa 24 hadi 48. Risasi yenye bati na plumbi huyeyuka nyuzi 183, kwa hiyo haitaachia, mradi oveni isipitilize. Ipime kwa kipimajoto cha pembeni. Usitumie oveni ya chakula.

Hatua ya 8: Rekebisha kwa tupa

Ukinzani unaweza kuuongeza kwa kupunguza metali. Kuushusha ni kazi ngumu. Ndiyo maana nyaya za volteji tuliziweka mm 111 badala ya 114, tukaanza na mΩ 9.77 hivi, chini kwa asilimia 2.3.

Multimita ya mkononi kwenye omu haifai hapa. Waya zake za kupimia peke yake zina ukinzani mara nyingi zaidi ya shanti yako. Tafuta rezista moja ya ncha nne unayoijua vizuri, iliyo karibu na mΩ 10, iunganishe kwa mfuatano na shanti, pitisha A 5, kisha pima volteji ya moja halafu ya nyingine kwa mita ileile kwenye masafa yaleyale. Uwiano wa volteji ndio uwiano wa ukinzani, na kosa la kipimo la mita linajifuta. Geuza mwelekeo wa mkondo, pima tena, chukua wastani. Volteji za joto nazo zinajifuta.

Piga tupa laini kwa urefu wa ukingo usio na nyaya, kutoka waya hadi waya. Kuongeza asilimia 2 unahitaji kuondoa mm 0.2 tu ya upana. Wengine hukata mfuo mmoja kwa msumeno. Ni haraka, lakini mkondo hubanwa pale, panakuwa na moto kuliko kwingine, na mimi siufanyi. Subiri dakika tano kabla ya kila kipimo, kwa sababu tupa hupasha ukanda. Ukifika chini ya lengo kwa nusu ya asilimia, rudisha kwenye oveni usiku mmoja, halafu malizia.

Hatua ya 9: Kama mkondo wako unakatwa kwa kasi

Ukanda ulionyooka wa urefu huu una indakitansi (tabia ya kupinga badiliko la mkondo) ya takriban nanohenri 80. Kwa mΩ 10, kuanzia kilohezi 20 hivi indakitansi inaanza kuushinda ukinzani, na mita itaona miiba mirefu kila transista inapofunga. Kunja ukanda mara mbili kama herufi U nyembamba, kwa mviringo mpole, na karatasi ya mika katikati, kabla ya kuoka, ili sumaku za mkondo wa kwenda na wa kurudi zifutane. Chaja ya mwenzangu ilikuwa na kichujio kinachotosha kabla ya shanti, kwa hiyo tuliuacha umenyooka, tukaufunga kwenye ubao kwa bolti mbili, na asubuhi yake tukaukuta unasoma A 10 ndani ya miliampea 3 za mita ya kulinganishia.