Kabla ya Kumbadilishia Chakula Paka Mwenye Shida ya Mkojo na Mzio

Paka mwenye shida ya mkojo na mzio wa chakula anahitaji vitu viwili kutoka kwenye sahani moja, na mara nyingi havipatani. Vyakula vingi vya kulinda kibofu vina kuku au samaki, na hao, pamoja na nyama ya ng'ombe, ndio wanaotajwa zaidi paka anapopata mzio. Ndiyo maana nasihi usikimbilie kununua chakula kipya kabla ya kujua unapambana na nini.

Tenganisha kwanza kinachoweza kusubiri na kisichoweza. Mwasho wa mzio unatesa, lakini paka atauvumilia wiki kadhaa. Njia ya mkojo ikiziba, anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, na madume ndio walio hatarini zaidi kwa kuwa mrija wao ni mwembamba. Mtazame: anaingia kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, anatoka, baada ya dakika chache anarudi tena, na mchanga bado mkavu. Wengi hudhani amefunga choo. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa hiyo namba ya daktari anayepokea wagonjwa usiku iwe imeandikwa na kikapu cha kumbebea kiwe karibu. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Parasetamoli inaua paka.

Akiwa salama, uliza ni mawe ya kibofu ya aina gani, kama yapo. Ya struvaiti huweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu. Ya oksaleti ya kalsiamu hayayeyuki, ni ya kutolewa. Na paka wengi hawana jiwe lolote: kibofu kimevimba bila chanzo kuonekana, na msongo huchangia sana. Mkojo upimwe ungali mbichi, maana ukikaa kwenye friji fuwele, yaani chembe ngumu za madini, zinaweza kujitengeneza humo humo na jibu likapotosha.

Mzio nao uthibitishwe. Vipimo vya damu haviaminiki kwa mzio wa chakula. Njia inayotegemewa ni kumlisha chakula kimoja tu, chenye protini ambayo hajawahi kuila au iliyovunjwavunjwa vipande vidogo mno ili mwili usiitambue, kwa wiki 8 au zaidi, kisha kumrudishia kile cha zamani uone kama mwasho unarudi. Hapa kuna mtego: paka anayejilamba chini ya tumbo mpaka manyoya yaishe huenda ana mzio, na huenda kibofu ndicho kinachomuuma. Mweleze daktari dalili zote mbili kwa pamoja, usimpelekee moja leo na nyingine mwezi ujao.

Kisha muulize kama kipo chakula kinachobeba kazi zote mbili. Vipo vya protini iliyovunjwavunjwa vilivyotengenezwa pia kwa kuzingatia mkojo. Usijiongezee dawa za kutia mkojo asidi juu ya chakula kama hicho bila kuambiwa.

Ndani ya zile wiki 8, zuia mianya. Sahani ya paka mwingine, kitafunwa kutoka kwa mtoto, dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama, hata mchuzi wa samaki uliomtilia kwenye maji ili anywe zaidi: kimoja tu kinatosha kuvuruga jaribio zima.

Maji, hata hivyo, anayahitaji mno. Chakula cha kopo kina maji yapata asilimia 75 au zaidi, kikavu kama 10 tu, basi chagua cha kopo daktari akiridhia. Mbadilishie taratibu kwa siku 7 hadi 10. Akigoma kula siku nzima piga simu, kwani paka asiyekula siku kadhaa hujaa mafuta kwenye ini. Masanduku ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja, na kila unapoyasafisha hesabu mabonge ya mkojo, uandike ni mangapi na ukubwa wake.