Nyumba iliyokosa mnunuzi mnadani: uliza ada kabla ya kutaja bei

Nyumba ikitoka mnadani bila mnunuzi, muuzaji huwa tayari kuzungumza, na washindani wako wametawanyika. Ni wakati mzuri wa kununua. Ila mnada ukishindikana, ada zake hazifi pamoja nao. Shughulikia mambo haya kabla hujataja bei yoyote.

Jua kwa nini haikuuzwa. Kukosa kufika bei ya chini aliyoiweka muuzaji ni jambo moja. Watu kusoma nyaraka na kuondoka kimya ni jambo jingine kabisa.

Jua anayeuza ni nani: mwenye nyumba au mkopeshaji anayeiuza ili arudishiwe deni lake. Kama ni mkopeshaji, muulize wakili wako hadi lini mdaiwa anaweza kulipa na kuikomboa nyumba yake.

Kagua hati na uitazame nyumba kwa macho yako. Hili halihitaji maelezo.

Sasa ada ya mnunuzi, yaani fedha ambayo mnunuzi humlipa dalali wa mnada juu ya bei. Hapa tulia usome. Shemeji yangu alikubaliana bei na mwenye nyumba ana kwa ana, siku kadhaa baada ya mnada kushindikana. Mnadani hakuwahi kukanyaga. Benki ikathamini nyumba, wakili akaanza kazi, na vyote hivyo alivilipia. Karibu na siku ya kutia saini, dalali wa mnada akaleta ankara: asilimia ya bei ya nyumba, na kodi juu yake, ilipwe kabla mkataba haujakamilika. Shemeji akaja juu. Amlipe vipi mtu ambaye hakumfanyia kazi yoyote? Wakili akamfungulia rasimu ya mkataba na kumwonyesha sentensi moja ndogo iliyosema kwamba masharti maalumu ya mnada yanaendelea kutumika, hata kama nyumba imeuzwa nje ya mnada. Ndani ya masharti hayo ndimo ada ilimokuwa.

Elewa jambo hili linavyofanya kazi. Mara nyingi muuzaji humpa dalali haki ya kuuza kwa kipindi kinachovuka siku ya mnada, kwa hiyo dalali bado ana chake. Makubaliano yao wawili hayakufungi wewe. Kinachokufunga ni karatasi utakayoitia saini, au fomu uliyojaza ulipojiandikisha kushiriki mnada. Kwa hiyo omba rasimu na masharti yote mapema, pamoja na marekebisho yaliyotolewa dakika za mwisho, na umpe wakili ayasome kabla hujatumia fedha kwa lolote lingine. Shemeji alikuwa ameshatumia nyingi mno kuweza kurudi nyuma. Benki nayo ilimkopesha kwa thamani ya nyumba, si kwa ada, na pengo lile alilijaza kwa kukopa kwa ndugu. Nilimwona akihangaika, na hasira haijaniisha, kwa sababu swali moja la mwanzo lingetosha.

Uliza hivi, kwa maandishi: nikinunua nje ya mnada, nitalipa nini zaidi ya bei, nitamlipa nani, na kwa hesabu gani? Uliza kama kuna kiwango cha chini cha ada, maana asilimia inayoonekana ndogo inaweza kufunikwa na kiwango hicho. Uliza kama kodi imo ndani au inaongezwa. Kisha piga hesabu ukirudi nyuma. Ada ikiwa asilimia 3 na kodi juu ya ada asilimia 18, kila 100 ya bei inakugharimu 103.54. Mwenye 100 tu asivuke 96, na hapo bado wakili, ushuru wa stempu na uhamisho wa hati.

Usiogope kuomba ada ipunguzwe au muuzaji aibebe. Mnada umeshindikana, na dalali asipouza kwako huenda asipate kitu. Wakikubali, iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa sababu ahadi ya simu haimfungi mtu akishaona fedha zako.

Ada ya kuishikilia nyumba, ili isiuzwe kwa mwingine, ni tofauti na arubuni. Arubuni kwa kawaida hukatwa kwenye bei. Ada ya kuishikilia mara nyingine haikatwi wala hairudi. Usilipe mpaka ujue ni ipi.

Tazama pia kama masharti yanakutwika gharama za wakili wa muuzaji, au malimbikizo ya kodi na huduma za nyumba. Tazama muda wa kukamilisha malipo: masharti ya mnada mara nyingi hutoa muda mfupi, na mkopo wa benki hauna haraka hiyo. Ukichelewa, riba inaweza kuanza kuhesabika na arubuni ikapotea.

Fedha zipite kwa wakili, kila malipo yawe na risiti, na namba ya akaunti iliyotumwa kwa ujumbe ihakikishe kwa kumpigia simu mtu unayemjua.