SOMO: Unahamia Kigali na watoto? Jua mlango wa kugonga kabla hujazunguka na bahasha

Wakuu habari za mihangaiko. Kila ikikaribia Januari watu wa Ngara, Kahama na Bukoba wananiuliza kitu kilekile, nimepata kazi Kigali mtoto namhamishaje shule. Mimi nilivyofika nilizunguka siku mbili na bahasha kwapani nikigonga milango isiyo yangu, kosa langu mwenyewe, nilijua kila kitu cha shule kinaishia wizarani. Sasa nyie msirudie.

HATUA YA 1: Jua nani kashika nini
Wizara ya elimu ya Rwanda wenyewe wanaiita MINEDUC. Inatunga sera, inatoa kalenda ya shule na kutangaza ada. Karatasi za mtoto wako haziishii pale, chini yake kuna taasisi na kila moja na kazi yake. REB ni mtaala na vitabu na mambo ya walimu. NESA ni mitihani ya taifa na ukaguzi wa shule, hii ilianzishwa 2020, zamani mitihani ilikuwa REB kwahiyo ukikuta mwenyeji anakwambia nenda REB kwa ishu ya cheti jua huyo kapitwa. RTB ni ufundi. HEC ni vyuo vikuu. Halafu kuna wilaya, ziko 30, na hizi ndo zinashughulika na shule za serikali mtaani kwako, kuna afisa elimu wa wilaya na mkaguzi ngazi ya sekta (umurenge, chini ya wilaya). Kwa mzazi wa kawaida huyu wa sekta ana faida kuliko ghorofa lolote la wizara.

HATUA YA 2: Piga hesabu ya miaka, usilinganishe majina ya madarasa
Hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Kwao primary ni miaka 6 (P1 mpaka P6), halafu sekondari S1 mpaka S3, halafu S4 mpaka S6, jumla 12. Sisi Tanzania wa la saba ni 7, form four, form six, jumla 13. Kwahiyo mtoto aliyemaliza la saba kashasoma miaka 7, kwao miaka 7 ni mtu aliyemaliza S1. Aliyemaliza form one ana miaka 8, sawa na aliyemaliza S2. Ukienda shule ukasema tu "huyu anaingia form two" wanaweza kumweka S2 ukajikuta umemrudisha mwaka mzima bila kujua, au ukaona sawa sababu lugha na masomo yamebadilika, hilo amua mwenyewe ila uamue ukiwa unajua.

Na kalenda. Kwetu mwaka unaanza Januari, kwao tangu 2021 unaanza Septemba au Oktoba huko. Ukimleta Januari anaingia muhula wa pili, wenzie wameshasoma muhula mzima. Na kama ni darasa la mtihani (P6, S3, S6) kwa kweli mimi simshauri mtu.

HATUA YA 3: Makaratasi
Cheti cha kuzaliwa, pasipoti au hati ya kusafiria, ripoti za shule za miaka ya karibuni, barua ya uhamisho. Kama ana cheti cha mtihani wa taifa kama form four, kilinganishwe na vya kwao pale NESA.

HATUA YA 4: Ada, wenyewe wanasema minerval
Shule za serikali Septemba 2022 wizara ilitangaza primary hakuna ada, mzazi anachangia chakula faranga 975 kwa muhula, sekondari ya kutwa 19,500, bweni 85,000. Mkuu wa shule akikutajia kingine muulize kwa upole kimetokea wapi. Private ni soko huria, leta pochi.

MASWALI

mama_wawili: Wangu yuko la nne, Kiingereza hana kabisa, ataweza?
Jibu: Dada yangu hapo pagumu kidogo. Kiingereza ndo lugha ya kufundishia, walihama kutoka Kifaransa tangu 2009, na 2019 wizara ikasema kianze P1 kabisa. Mtafutie tuisheni miezi miwili kabla hamjavuka mpaka wa Rusumo. Kinyarwanda usihofu, watoto wanakiokota mtaani kabla yako.

msafiri_wa_buja: Sisi wa Burundi je?
Jibu: Nyie mna afadhali kwenye hesabu, ecofo yenu (shule ya msingi) ni miaka 9 inakaa sawasawa na S3. Shida yenu ni Kifaransa tu.

kijana_kahama: Mkuu nina form six nataka chuo huko, niende HEC si ndio?
Jibu: Hapana bwana, HEC inalinganisha digrii na vyeti vya vyuo. Cheti cha form six ni cha sekondari kwahiyo NESA.

bibi_harusi: Kiswahili wanafundisha? Nisije nikapata wajukuu wasioongea na mama yangu
Jibu: Hahaa. Ni lugha rasmi tangu 2017 na kipo sekondari, primary usikitegemee. Nyumbani ongeeni nyie, wangu akinijibu Kinyarwanda najifanya sijasikia mpaka arudie.